Safu ya Undugu

Bi Nukta hakuwa mtu wa kuogopa fomu. Wenzake katika kazi ya uhariri, wale wanaolipwa kwa ukurasa na kusahauliwa kwa miezi, waliupokea msimu wa ritani za kodi kama watu wanavyoipokea homa: walilalamika, wakajifunika gubigubi, wakangoja ipite. Yeye, siku ya kwanza ya msimu, alifuta meza, akavaa miwani, akajaza. Mapato ya uhariri aliyaweka mahali pake. Penye mapato mengineyo aliandika hata yale ambayo watu wenye akili zao huyanyamazia: posho ya kusahihisha shindano la insha, na bahasha aliyopewa na shule moja baada ya kuzungumza na wanafunzi juu ya kazi ya kalamu. Mwaka mmoja aliandika hata fedha za kabati kuukuu alilomuuzia jirani, na karani wa kodi akampigia simu kumweleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka, kwamba kabati halimo. Alilifuta, akashukuru, akasikitika kidogo kwa kuwa alikuwa ameliandika vizuri.

Jina hilo la Bi Nukta alibandikwa na wapanga kurasa wa kiwanda kimoja cha uchapaji, miaka ishirini na zaidi iliyopita, walipochoka kurudishiwa kurasa zao kwa sababu ya nukta moja iliyoanguka. Alilikubali. Lilimfaa mtu ambaye kazi yake ikifanyika sawasawa, hakuna anayejua kwamba ilifanyika.

Jumatatu ile, basi, alikwenda ofisi ya kodi bila wasiwasi wowote. Alitaka cheti cha kutodaiwa kodi, karatasi ya mwisho katika bahasha yake. Mahakama ilikuwa imemchagua kuwa mfasiri wake wa nyaraka: mkataba wa miaka mitatu, mshahara wa kila mwezi, kiti chenye mgongo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na tangu aanze kazi hakuwahi kujua mwezi ujao utamletea nini. Karani wa mahakama alikuwa amemwambia wazi: "Bi mkubwa, Ijumaa saa sita mchana nafunga bahasha. Saa sita na dakika moja, namwita anayekufuata." Palikuwa na jambo jingine pia. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeota ukungu. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, kwamba dawa yake ni kisu, na kwamba mtu anayeishi kwa kusoma asingoje sana. Fedha za upasuaji alikuwa amezidunduliza kwa miaka miwili, na zilikuwa zimetimia mwezi uliopita.

Karani wa dirisha la nne alikuwa binti aliyechomeka kalamu nyweleni. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Mama, cheti hakitoki."

"Mtandao?"

"Mtandao leo mzima, ajabu ya mwaka. Ni wewe. Unadaiwa."

Bi Nukta alicheka. "Mwanangu, mimi nimelipia kodi hata bahasha."

"Bahasha naiona, imo. Lakini hizi saba hazimo."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Taasisi moja ya utafiti ilikuwa imefanya malipo saba katika miaka mitatu, na kila ilipolipa ilikata kodi kidogo papo hapo, kama sheria inavyotaka, ikaipeleka serikalini pamoja na namba ya aliyelipwa. Namba ilikuwa ya Bi Nukta. Jumla ya malipo hayo ilikuwa mara tatu ya yote aliyoyapata kwa miaka hiyo mitatu, pamoja na bahasha.

"Wamekosea namba."

"Namba yako, jina lako, akaunti ya benki kwa jina lako, na mkataba una saini yako. Hebu soma mwenyewe."

Akainama, akafumba jicho la kushoto, akasoma. Mstari wa kwanza ulisema: Uandishi na uhariri wa ripoti, Kisima Kimoja, Foleni Tatu. Alirudia kuusoma, polepole, kama anavyosoma nakala ya mwisho kabla haijaenda mtamboni. Kichwa hicho alikijua. Ripoti ile ilipomfikia ilikuwa na kichwa cha maneno thelathini na moja, na yeye ndiye aliyekikata mpaka yakabaki manne.

"Umeikumbuka?" karani akauliza.

"Nimeikumbuka."

"Basi njia ni mbili. Fomu ya marekebisho ina swali moja tu la maana: kazi hii uliifanya wewe? Ukisema hapana, unamtaja aliyetumia namba yako, jalada linakwenda kwa wapelelezi, na cheti kinawangoja wao wamalize."

"Wanamaliza lini?"

"Mama, kuna majalada yalinikuta hapa siku naajiriwa, na mengine nitayaaga nikistaafu."

"Na nikisema ndiyo?"

"Unakadiriwa kodi na adhabu ya kuchelewa. Unalipa theluthi siku hiyo hiyo, iliyobaki kwa awamu, na cheti unaondoka nacho. Halafu waliokulipa wanaandikiwa barua, wathibitishe kwa maandishi kwamba kazi ilikuwa yako. Ni utaratibu tu."

Akampigia hesabu ya theluthi pembeni mwa karatasi. Bi Nukta aliitazama ile tarakimu, akaitambua. Ilikuwa karibu sawa kabisa na bei ya jicho.

*

Nyumbani alilitoa daftari lake. Tangu alipoanza kazi alikuwa na mazoea ambayo wapanga kurasa waliyacheka: kila kazi iliyopita mikononi mwake, iwe kitabu au kadi ya harusi, aliiandika katika safu nne. Tarehe, kazi, kurasa, malipo. Kwa kazi za mdogo wake, safu ya malipo ilikuwa na neno moja, limeandikwa kwa mwandiko ule ule nadhifu kila mara: undugu.

Mdogo wake alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, na tangu apate shahada ya juu ukoo mzima ulimwita Daktari, hata mama yao, ambaye mpaka anafariki alikuwa akimlalamikia magoti. Kila baada ya miezi michache Daktari alimletea dada yake mfuko wa karatasi: mahojiano yasiyo na mpangilio, majedwali, sentensi zilizoanza kwa kishindo zikapotelea njiani. "Nipitie tu, dada," alikuwa akisema. Na yeye alikuwa akiandika upya toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wiki tatu, wiki nne, akiweka pembeni kazi za kulipwa. Majedwali aliyaacha yalivyo, kwa kuwa yalikuwa ya Daktari kweli. Maneno yote yalikuwa yake.

Alilinganisha. Ripoti saba daftarini, malipo saba kwenye karatasi ya kodi. Kila malipo yaliingia wiki mbili au tatu baada ya yeye kurudisha kazi. Alijumlisha kurasa: mia nane na kumi na mbili. Alijumlisha tena, si kwa shaka, ila kwa kuwa alihitaji mikono yake iwe na la kufanya.

Saini nayo aliikumbuka. Ilikuwa kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya mama, miaka mitatu iliyopita. Daktari alikuja na rundo la karatasi. "Tufungue akaunti ya matibabu ya mama, dada. Wewe ndiye unayeshinda naye, kwa hiyo iwe kwa jina lako. Mimi nitaisimamia nikusaidie mizunguko ya benki. Saini hapa, na hapa, na hapa." Akasaini mahali sita, bila kusoma hata neno. Mtu ambaye hakuwahi kusaini risiti ya soda bila kuisoma mbele na nyuma! Lakini aliyempa kalamu alikuwa mdogo wake, aliyembeba mgongoni akienda shule, na kusoma karatasi ya ndugu mbele ya macho yake aliona ni kumtukana.

Kweli, akaunti ililipa hospitali. Miezi mitano ya mama ililipwa yote, na ukoo ukasema Daktari ni mwana. Siku ya kugawana vitu vya mama, Bi Nukta mwenyewe alisimama mbele ya wajomba na mashangazi, akasema kwamba ndugu yake ameubeba mzigo peke yake, na kwamba yeye hana cha kumlipa ila kumwachia nusu yake ya nyumba. Watu walilia. Shangazi alimkumbatia. Sasa, mezani kwake, aliona kwamba alikuwa amemlipa mtu nusu ya nyumba kwa mzigo uliobebwa na mshahara wake yeye mwenyewe.

Mstari wa mwisho wa daftari ulikuwa wa mwezi uliopita: Maombi ya uprofesa, kurasa 44, undugu. Alikuwa ameyapitia kwa fahari. Kati ya kazi alizoziorodhesha Daktari kuwa maandishi yake peke yake, saba zilikuwa ripoti hizi. Na katika ukurasa wa mwisho palikuwa na tamko, ambalo Bi Nukta alilinyoosha sarufi yake: chuo kitamwandikia kila mchapishaji, na kwa ripoti hizi ni ile taasisi iliyolipa, kuthibitisha mwandishi, na kazi moja ikionekana kuwa ya mtu mwingine, maombi yote yanafutwa na mwombaji anafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu.

*

Alikwenda kwa Daktari Jumatano alasiri. Sebule ilikuwa na viti vya ngozi, vyeti ukutani katika fremu, na rafu ya vioo ambamo vitabu vilipangwa kwa urefu. Ripoti saba zilisimama pamoja, migongo yake ya kijani, jina la Daktari kwa herufi za dhahabu.

"Dada! Umekuja bila hata kupiga simu, kama mdai."

"Ndivyo nilivyokuja."

Daktari akacheka, mpaka karatasi ilipowekwa mezani. Bi Nukta aliona macho yake yakikimbilia chini kwanza, kwenye jumla. Mtu husoma hivyo kitu anachokijua tayari.

"Ah. Hili nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Usinihoji kama polisi, dada. Chuo kinatukataza kazi za nje. Ukipewa ruhusa, kinataka nusu. Nusu! Kwa jasho la nani?"

"Swali hilo hilo ndilo lililonileta."

Daktari alijipapasa shavu. "Walitaka mkataba wenye jina, nikawapa jina. Fedha hazikutoka nje ya familia. Mama alilazwa miezi mitano, nani alilipa?"

"Kutoka akaunti ipi?"

Kabla hajajibu, wifi aliingia na bilauri za maji, akamwona mgeni wake.

"Wifi, mbona umekaa ukingoni mwa kiti kama unangoja kuitwa kwenye usaili? Jiachie basi. Kuna nini?"

"Mambo ya kodi tu," Daktari akasema.

Wifi akaichukua karatasi, akaisoma huku amesimama. "Uandishi na uhariri. Haya! Kumbe kuweka nukta nako kunalipa hivi?"

"Kunalipa sana, wifi. Mimi mwenyewe nimejua juzi."

"Sasa mbona uso umekukunjamana? Watu wanalia hawana hela, wewe unalia kwamba unazo."

Ilikuwa sentensi nzuri. Katika mswada wa mtu mwingine, Bi Nukta asingeigusa. Wifi akarudi ndani, akijichekea, na ndugu wawili wakabaki na maji yao.

"Nieleze jambo moja," Bi Nukta akasema. "Kazi yenyewe, mdogo wangu, ilikuwa ya nani?"

"Mawazo yangu, dada. Wewe ulinipitia lugha tu."

Alilitamka bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja siku ya juma. Hapo ndipo dada yake alipoumia, kuliko penye tarakimu na kuliko penye saini. Alikuwa amejiandaa kwa mwizi, na mwizi hujua amechukua nini.

Daktari alisogea mbele, akashika mkono wake. "Nisikilize. Uprofesa wangu unaamuliwa mwezi ujao. Ukisema hapana pale dirishani, nimekwisha: kazi, pensheni, jina. Sema ndiyo. Andika kazi ni yako, malipo ni yako. Kodi nitakurudishia kidogo kidogo."

"Niandike kazi ni yangu."

"Yako. Uandishi, uhariri, kila kitu chako. Jina langu lisionekane kabisa."

"Waliolipa wataandikiwa. Watatakiwa kuthibitisha kwa maandishi."

"Watathibitisha! Mkataba si una jina lako? Mkurugenzi wao ni rafiki yangu, atasaini hata kesho."

"Umefikiri vizuri, Daktari?"

"Dada," akasema, na tabasamu lake la zamani likarudi, "mimi kazi yangu ni kufikiri."

Bi Nukta aliitazama ile migongo saba ya kijani. Kwa miaka mingi hakuna kosa katika maneno ya mdogo wake lililompita; aliyazungushia yote duara jembamba la penseli, akaandika pembeni, kwa adabu, *angalia hapa*. Hili lilikuwa kubwa kuliko yote, na mwenyewe alikuwa akilirudia kwa furaha. Alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akanywa maji.

*

Usidhani alilala vizuri juu ya hilo. Alhamisi nzima aliliacha daftari wazi mezani, akafua nguo zisizohitaji kufuliwa. Alijiambia kwamba hajadanganya na hatadanganya. Kwamba atajibu swali la serikali kwa kweli tupu. Lakini alijua tofauti kati ya kusema kweli na kumtegea mtu kweli, na hakuwa na ustadi wa kujifichia anachokijua. Mwishowe alijiwekea sharti. Atampigia. Daktari alijua habari za jicho, kwani yeye ndiye aliyempeleka kupimwa. Akiuliza tu, jicho linaendeleaje, atamwambia kila kitu: barua, tamko, kamati, na watatafuta njia nyingine pamoja, hata kama mkataba wa mahakama utapotea.

"Dada! Umejaza?"

"Kesho asubuhi. Theluthi wanaitaka papo hapo. Itabidi nitoe zile nilizoziweka."

Akangoja. Upande wa pili alisikia kiti kikiburutwa, na mtu akicheka mbali.

"Safi sana. Zilikuwepo kumbe! Mimi nilikuwa na hofu utakwama. Niko kikaoni, dada. Kumbuka tu: kila kitu chako."

Simu ikakatika.

*

Ijumaa, saa tatu na nusu, dirisha la nne. Penye swali, *kazi hii uliifanya wewe?*, alitia alama kwenye *ndiyo*. Penye maelezo ya mlipakodi palikuwa na mistari mitatu tu, nayo ilimtosha: Ripoti zote saba niliziandika mimi. Majedwali ya takwimu niliyapokea kutoka kwa mwingine. Nimeambatisha daftari langu la kazi. Mahali penye mapato ya kazi za kujitegemea akaandika jumla yote, fedha ambazo hakuwahi kuzishika, kwa tarakimu zilizonyooka.

Kisha akaenda benki ng'ambo ya barabara, akarudi na risiti. Miaka miwili ya kudunduliza ilikuwa imekaa juu ya kijikaratasi chenye upana wa vidole vitatu.

Karani alipitisha kidole juu ya nakala za daftari. "Kurasa mia nane na kumi na mbili! Mama, na uandishi wote huu, mbona sijawahi kuona jina lako popote?"

"Ndivyo kazi yangu ilivyo."

"Basi hawa wataliona. Barua yao inatoka leo." Akagonga muhuri. "Na hapa penye malipo umeandika 'undugu', maana yake nini? Mkubwa wangu ataniuliza."

Bi Nukta alifikiri. "Mwambie ni aina ya msamaha wa kodi. Mimi ndiye niliyeutoa."

Binti akacheka, akamsukumia cheti.

Saa tano na dakika ishirini alikuwa ameketi kwenye benchi la mahakama, bahasha yake imepokelewa, risiti ya mapokezi mkononi. Mkataba alikuwa ameupata. Atasoma nyaraka za mashtaka ya watu kwa miaka mitatu, na kwa mwaka wa kwanza, labda wa pili, atazisoma kwa jicho moja. Simu ikatetemeka.

"Umeandika, dada?"

"Nimeandika kama ulivyoniambia. Kila kitu changu."

"Mungu akuzidishie. Hili sitalisahau maishani."

"Najua," akasema. "Hutalisahau."

Akaizima simu, akatoa daftari, akalisogeza karibu na jicho la kulia. Hakupenda kuacha kazi bila kuiandika. Tarehe. Ritani ya marekebisho, kwa ombi la Daktari. Ukurasa mmoja. Alipofika safu ya malipo, kalamu ilisita kitambo. Kisha akaandika neno lile lile, kwa mwandiko ule ule nadhifu, na mwisho wake akatia nukta.